Bathdei ya Ziwa: Kuwaandalia Watoto Wadogo Sherehe Nyumbani Kisumu

Mzazi akisema anataka kumfanyia mwanawe bathdei yenye mada, fikira zake hukimbilia ukutani. Upinde wa puto, bango lenye jina la mtoto, pazia la kumetameta nyuma ya meza ya keki. Pesa huishia hapo, na usingizi pia, halafu mtoto wa miaka minne anaupita huo ukuta mbio bila kuutupia jicho. Sisi tumeziandaa sherehe hizi majumbani, Migosi, Manyatta, Mamboleo, za watoto wetu na za majirani, na msimamo wetu ni mmoja: mada ikae kwenye vitu ambavyo mtoto atashika, atavaa, atarusha au atakula. Ukuta ni wa picha za watu wazima. Upe saa moja ya kazi, basi.

Ndiyo maana kwa sherehe ya kutengeneza nyumbani tunashauri uachane na katuni za televisheni. Mtoto anaijua sura ya katuni yake kuliko wewe. Ukikosea masikio atakwambia mbele ya wageni. Mada ya ziwa letu, Victoria, haina shida hiyo. Samaki wa katoni aliyepinda mkia bado ni samaki, na mtoto wa Kisumu anamfahamu kuanzia sokoni hadi sahanini. Chagua vitu vitano tu: samaki, mtumbwi, kiboko, nyavu, na mama samaki na beseni lake. Usiongeze nguva, papa wala maharamia. Hao ni wa bahari na watakurudisha dukani. Rangi ziwe mbili, bluu na machungwa, na ya tatu ni rangi ya katoni yenyewe. Aliye Nakuru ana heroe na vifaru, wa Kakamega ana nyani na vipepeo wa msituni, na hesabu zilizo hapa chini zitamfaa vilevile.

Jambo la kuamua kabla ya yote ni siku na saa, na huku kwetu jambo hilo lina mitego. Kisumu hata nje ya masika, mvua ya radi hupenda kushuka alasiri, wakati jua limeshachemsha kila kitu hadi nyuzi 29 au 30. Sherehe ya saa nane mchana inapata jua kali mwanzoni na mvua mwishoni, na katikati watoto wanalia kwa sababu huo ndio muda wao wa kulala. Saa nne asubuhi hadi saa sita unusu ndio wakati wake. Ila Jumamosi asubuhi Wasabato wako kanisani, na huku kwetu hao si wachache. Jumapili asubuhi ni zamu ya wengine. Uliza majirani kabla ya kutangaza. Kama pande zote mbili zipo kwenye orodha yako, tafuta sikukuu ya kitaifa iliyo karibu, au fanya Jumapili saa nane na uhakikishe una paa: baraza, gereji ya jirani, au turubai lililofungwa kwa mteremko ili maji yasitengeneze tumbo katikati. Mtoto hajui kwamba tarehe yake halisi ilikuwa Jumanne.

Idadi ya wageni ni hesabu ya watu wa ploti, yaani wote mnaoishi ua mmoja, si ya orodha. Ukialika kumi na wawili, wataletwa na wadogo zao, binamu aliyekuja kutoka Siaya atakuwepo, na watoto wa ploti watasimama mlangoni. Huwezi kuwafukuza na hupaswi. Chukua idadi uliyoalika, ongeza nusu yake, halafu pika kwa hiyo. Makadirio yote humu ni ya watoto ishirini na watu wazima kumi. Kwenye mwaliko andika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na useme mzazi mmoja abaki na mtoto wake kama ana chini ya miaka mitano. Mkiwa na mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanne, mambo yanaenda. Mkiwa na mmoja kwa wanane, hakuna mchezo utakaoisha.

Kuhusu pesa, tuongee wazi. Kwa shilingi 10,000 sherehe hii inawezekana, ukizigawa mapema: chakula na vinywaji 5,000, keki mbili 1,800, rangi, gundi, waya na karatasi 1,200, mifuko ya kuondoka nayo 1,000, na 1,000 ibaki bila kazi hadi siku yenyewe. Hiyo elfu moja ya mwisho ndiyo watu huila kwanza, halafu asubuhi ya sherehe gesi inaisha. Kinachopasua bajeti mara nyingi ni safari: boda ya kwenda kuchukua riboni, boda nyingine ya kurudisha riboni isiyofanana, tuktuk ya kufuata puto. Andika orodha moja, nenda mjini siku moja, halafu soko la Kibuye siku nyingine kwa viazi na matunda. Kasri la kurukia tunaliruka. Linakodishwa kwa bei ya chakula chote, linahitaji stima isiyopotea, na likiwepo hakuna mtoto atakayegusa kitu kingine ulichotengeneza.

Katoni zianze kukusanywa wiki mbili kabla. Duka la jumla likishapanga bidhaa huwa linazitoa bure au kwa bei ya soda. Katoni za tishu na za nepi ndizo bora, kubwa na nyepesi. Za mafuta ya kupikia huwa na madoa yanayokataa rangi. Mtumbwi wa kuvaa unatoka kwenye katoni ya urefu wa sentimita 45 hivi, upana 30, kimo 25. Toa kitako chote. Mabawa ya juu yakunje ndani na uyagundishe ubavuni, ili ukingo uwe na tabaka mbili. Bila hivyo katoni inajikunja mara ya kwanza mtoto akikimbia. Mbele, gundisha vipande viwili vya katoni vikutane kwa pembe, hiyo ni pua ya mtumbwi. Toboa matundu manne, mawili mbele na mawili nyuma, sentimita tatu kutoka ukingoni, na uyazungushie selotepu kabla ya kupitisha mishipi. Mishipi iwe vipande vya leso kuukuu, upana wa vidole vitatu, urefu wa mita moja. Ipishane mgongoni kama alama ya kuzidisha, la sivyo inateleza mabegani na mtumbwi unaanguka magotini. Fundo la mwisho lifungwe siku yenyewe, mtoto akiwa amesimama ndani.

Mitumbwi minane inatosha watoto ishirini ikiwa mbio zinakwenda kwa zamu. Minne italeta vita, na ishirini itakumaliza wewe. Paka rangi ya maji ya ukutani iliyobaki kwenye ndoo, tabaka jembamba, ikauke kivulini, ndipo upake la pili. Ukiibandika nene mara moja, katoni inakunywa maji na kujipinda. Rangi ya mafuta iache. Harufu yake haiishi na inachukua siku nzima kukauka.

Gundi ya kutosha unapika jikoni. Kikombe kimoja cha unga wa ngano ukoroge kwenye kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha umimine kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka ing'ae. Kwa joto la Kisumu inachacha siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo pika kidogo kidogo. Na mende na panya wanaipenda kuliko wewe unavyodhani, kwa hiyo vitu vilivyogundishwa vitundike juu kwenye kamba usiku.

Mchezo unaofanya kazi kuliko yote ni uvuvi, kwa hiyo huu upe muda. Kata samaki arobaini wa urefu wa sentimita 15, tabaka mbili za katoni zilizogundishwa, ili kila mtoto apate wawili. Mdomoni weka kitanzi cha waya mwembamba wa kufungia, upana wa sentimita tatu, na ukisimamishe wima; kitanzi kikilala, hakuna atakayevua. Fimbo ni kijiti cha nusu mita, uzi wa sentimita 30. Wengi huweka uzi wa mita nzima kwa sababu unapendeza, halafu nyuzi zinasokotana na ndoano zinapita usawa wa macho ya watoto. Ndoano ni waya mnene uliopindwa kwa koleo, ncha ikirudi ndani kabisa na kufungwa selotepu. Watu hushauri sumaku badala ya ndoano. Kwa watoto wa umri huu tunakataa. Sumaku ndogo mbili zikimezwa hunasana katikati ya kuta za utumbo na kuzitoboa, na hiyo ni safari ya upasuaji. Beseni nalo lisiwe na maji. Lijaze karatasi ya bluu iliyochanwa: katoni haitaloa, na hutalazimika kumchunga mtoto wa jirani mwenye mwaka mmoja na nusu kando ya maji.

Watoto wa miaka mitatu hawajui foleni. Ukiwa na fimbo moja utakuwa na mvuvi mmoja na walalamikaji kumi na tisa. Tengeneza fimbo sita na mabeseni mawili.

Aliyevua anapeleka samaki kwa mama samaki. Huyu ni shangazi au dada mkubwa mwenye leso kiunoni, amekaa kwenye stuli, mbele yake mizani ya henga iliyoning'inizwa vikombe viwili. Anapima kwa uso mkavu, anateta bei, analalamika kwamba samaki ni mdogo, kisha analipa sarafu ya katoni. Sarafu hiyo mtoto anaitunza. Mwisho wa sherehe ndiyo inayomnunulia mfuko wa kwenda nao nyumbani. Mpangilio huu unatatua kero kubwa ya kugawa mifuko, pale mikono ishirini inapokunyooshewa kwa pamoja na watatu wamechukua mara mbili. Mchague mtu mwenye mdomo. Mama samaki akiwa na haya, mchezo unakufa.

Kiboko ni rahisi zaidi. Katoni kubwa, mdomo wa upana wa sentimita 35, meno mawili ya karatasi, na vifuko vya kurusha vilivyotengenezwa kwa soksi kuukuu zenye nusu kikombe cha maharagwe, zimefungwa fundo na kushonwa juu yake. Umbali mita moja kwa wa miaka mitatu, mita mbili kwa wa mitano.

Tuje kwenye keki, ambako watu wengi huogopa bila sababu na wengine hujiamini bila sababu. Kipimo cha bati la mviringo la sentimita 20: majarini gramu 250, sukari gramu 200, mayai matano, unga wa ngano wa kawaida gramu 250, beking pauda vijiko viwili vya chai, maziwa vijiko viwili vya mezani, vanila, na ganda la limau lililokwaruzwa. Piga majarini na sukari hadi iwe nyeupe na nyepesi, kama dakika kumi kwa mwiko. Ongeza yai moja moja. Unga uingie mwisho na usikorogwe sana. Ikiiva inakaribia kilo moja kabla ya kupakwa aisingi. Tunasema unga wa kawaida kwa makusudi. Unga wenye beking pauda ndani yake huwezi kuupunguzia, na huku magharibi mwinuko unabadilika. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850. Kadiri unavyopanda, mkandamizo wa hewa unapungua, gesi inatanuka haraka, keki inafura kabla ya kushikana na kisha inabonyea katikati. Kwa Nakuru tia kijiko kimoja na nusu cha beking pauda, ongeza vijiko viwili vya maziwa na punguza sukari kiasi cha vijiko viwili.

Ovena ikiwepo, nyuzi 180, dakika 40 hadi 50. Isipokuwepo, jiko la makaa linatosha kabisa. Chukua sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga mkavu uliochekechwa wa kina cha sentimita tatu, funika, na upashe moto robo saa. Bati lenye karatasi iliyopakwa mafuta likae juu ya mchanga. Makaa ya chini yapunguze hadi yabaki machache, na mengi uyaweke juu ya kifuniko cha bati. Keki ya jiko ikiungua kitako, tatizo ni moto wa chini. Usifunue kabla ya nusu saa kupita. Ikikaribia saa moja, choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, toa.

Oka keki mbili siku moja kabla. Ya kwanza ndiyo samaki, na huhitaji bati la umbo lolote. Keki ikishapoa kabisa, kata pembetatu kutoka katikati kwenda ukingoni, upana kama wa sehemu moja ya saba ya duara. Pengo linalobaki ni mdomo. Pembetatu uliyotoa igeuze, ncha yake iguse keki upande wa pili: huo ni mkia. Keki ya pili iache mviringo, uipake aisingi ileile na uikate vipande thelathini jikoni kabla wageni hawajafika. Sababu inakuja.

Aisingi ndiyo inayoshindwa Kisumu. Siagi huanza kulegea kabla jua halijakolea, na krimu ya kupiga hudondoka kabisa. Changanya gramu 125 za majarini na gramu 125 za mafuta meupe ya kupikia yaliyoganda, kisha sukari ya aisingi gramu 500, ukiongeza kidogo kidogo. Mafuta meupe huvumilia joto zaidi. Yana faida ya pili: majarini ni ya manjano, na bluu juu ya manjano inakupa kijani. Ukitaka bluu, ongeza mafuta meupe na upunguze majarini. Ukikubali kijani, hakuna ubaya, maana ghuba yetu yenyewe siku nyingi ni ya kijani. Tumia rangi ya kuganda au ya unga. Ya maji ikizidi vijiko viwili inaifanya aisingi kuwa uji.

Paka tabaka jembamba kwanza la kukamata makombo, liache likaze nusu saa kwenye kivuli chenye upepo, ndipo upake la pili. Magamba ni biskuti nyembamba za mviringo zilizokatwa nusu. Anza kuyapanga kutoka mkiani kwenda kichwani, kila mstari ukilalia ule wa nyuma yake. Ukianzia kichwani samaki atakuwa na magamba yaliyosimama kinyume, na watu wa huku wataliona hilo mara moja. Yapange asubuhi ya sherehe tu. Biskuti zikilala kwenye aisingi usiku kucha zinanyonya unyevu na kulegea. Na kwa ajili ya sisimizi, weka bakuli lililopinduliwa katikati ya beseni lenye maji, sinia ya keki ikae juu yake.

Chakula kiwe cha kushikwa kwa mkono. Kwa mada ya ziwa samaki lazima awepo, lakini ngege (tilapia) mzima kwa watoto wadogo ni miiba na hofu. Nunua minofu ya mbuta (sangara) kilo moja na nusu, papasa kila kipande kwa vidole kutafuta miiba iliyosalia, kisha kata vijiti vya unene wa kidole. Utapata kama sitini. Chovya kwenye yai, gaagaza kwenye chenga za mkate zenye chumvi na limau, kaanga. Unga kilo mbili hutoa chapati kama 25. Za watoto zikate robo. Ongeza viazi karai vya kilo tatu, tikitimaji mawili makubwa, na lita sita za juisi ya maembe au pasheni iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa jana yake. Blenda isisubiri asubuhi ya sherehe, kwa sababu stima inajua siku zako. Njugu na bisi ni za watu wazima, ziwekwe juu. Kwa walio chini ya miaka minne zinapalia. Soseji ikatwe kwa urefu, kamwe isikatwe vipande vya mviringo. Peremende ngumu zisiwepo. Na waulize wazazi mapema nani hali mayai, samaki au njugu.

Siku yenyewe, ukiandika saa nne, wa kwanza atafika saa nne na robo na wengine saa tano kasoro. Usipambane. Anza na kitu kisicho na mwanzo: mkeka chini, samaki wa karatasi na krayoni. Anayechelewa anakaa tu na kuchora. Kufikia saa tano mitumbwi, halafu kiboko na uvuvi kwa pamoja, makundi mawili yakibadilishana. Kati ya michezo na chakula weka mtungi wenye bomba na sabuni, na mtu wa kuwasimamia. Saa tano na nusu wanakula. Maombi yafanyike hapo, na mwombaji adokezwe mapema kwamba watoto wana njaa.

Keki iwe ya mwisho, na isionekane hadi wakati wake. Mtoto akishaiona hali chapati tena. Sasa ile keki ya pili: mmejua desturi yetu, mwenye siku analisha baba, mama, nyanya, shangazi, mjomba, mwalimu, na kila mmoja anataka picha, wakati ishirini wengine wamesimama wakimeza mate. Mara kisu kinapoingia kwenye samaki, msaidizi aanze kugawa vile vipande thelathini vya jikoni. Hakuna atakayesukuma meza. Mishumaa iwe mbali na nywele. Nywele za bandia za kusukia hushika moto kwa kufumba na kufumbua, na mtoto huinama bila kuzikumbuka.

Puto zijazwe na watu wazima, robo tatu tu, zikae kivulini. Jua la Kisumu huzitanua hadi zipasuke. Ikipasuka, vipande viokotwe papo hapo, kabla ya kitu kingine chochote. Kipande cha puto kikivutwa kooni kinaziba kabisa, na hatari hiyo ipo hadi miaka minane. Puto kumi zinatosha sherehe nzima.

Halafu maji. Huku bathdei bila kumwagiwa maji watu huona haijakamilika, na vijana wa ploti watakuwa wameshajaza ndoo. Mtoto wa miaka mitatu au minne akishikwa na kumwagiwa ghafla analia kilio cha kweli, na picha za mwisho zinakuwa hizo. Waite hao vijana mapema na mpatane: maji baada ya picha, simu na spika ziwe ndani, na mwenye siku ndiye anayepewa kikombe kwanza amwagie anayemtaka. Mjomba mmoja ajitolee kulowa. Watoto wakishaona mtu mzima amelowa, wengi huomba zamu zao, na anayekataa aachwe. Nguo za kubadilisha ziwe tayari kitandani.

Kuna jambo wazazi hawaambiwi: mwenye siku mara nyingi huvunjika. Watu thelathini wakimwimbia kwa pamoja, wengine hujificha chini ya meza. Mzazi ambaye ameamka saa kumi alfajiri kupaka aisingi analichukua kama kukosa shukrani, anamvuta mtoto, na hapo ndipo sherehe inapochachuka. Mpeleke chumbani dakika kumi na mtu mmoja anayempenda. Waimbe taratibu akirudi. Uchovu wako mwenyewe nao uuwekee hesabu: usiku wa kuamkia sherehe pasibaki kazi yoyote isipokuwa kumenya viazi. Kitu ambacho hakijaisha saa tatu usiku, kifute. Hakuna mgeni atakayejua kulikuwa na nyavu za kupamba mlango.

Mifuko ya kuondoka nayo iwe ya khaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Ndani weka samaki aliovua mtoto, krayoni tatu, ndizi na kipande cha keki kilichofungwa kwa karatasi ya mafuta. Kama umeamua kuitoa sherehe nyumbani na kuipeleka kwenye hifadhi ya Impala hapa Kisumu, au mbugani Ziwa Nakuru, kumbuka pia kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja haviruhusiwi kwenye maeneo yanayolindwa: chupa za maji, vikombe, sahani, mirija. Beba vikombe vya bati na mtungi, na uulize ada za kuingia kwa kila kichwa kabla ya kualika mtu, maana hapo ile elfu kumi inaweza kuishia getini.

Keki iliyobaki ifunike na uimalize kesho yake. Aisingi haitastahimili zaidi bila friji. Samaki wa kukaanga asilale nje. Doa la aisingi kwenye zulia liache ligande, ulikwangue kwa kijiko, ndipo upitishe maji ya uvuguvugu na sabuni. Maharagwe ya kwenye soksi yamerushwa na kukanyagwa, kwa hiyo wape kuku. Mitumbwi usiitupe haraka: watoto wa ploti wataivaa wiki nzima, hadi mvua itakapoifikia.